Pangaboi Juu ya Bati: Vidokezo Kabla Hujapanda Ngazi

Matangazo yanapendeza: nyumba ya bati, kibomba kifupi kwenye kofia ya paa, mapanga yanazunguka, taa zinawaka. Picha haina sauti, wala haionyeshi masika. Kama unaishi Makambako, Singida, Ngong au Marsabit, upepo unao na hamu yako ina msingi. Shida ni bati.

1. Upime upepo kabla hujauliza bei

Nguvu ya upepo hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi yake. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu inakuwa mara nane. Chukua turbaini ambayo mapanga yake yakizunguka yanachora duara la kipenyo cha mita 1.2. Upepo ukiwa mita 4 kwa sekunde, itakupa kama wati 11: taa mbili za LED na simu kwenye chaji. Ukifika mita 8, unazungumzia wati themanini na kitu. Kwa hiyo jirani aliye juu ya kilima na wewe uliye bondeni mnaweza kununua mtambo uleule na kupata vitu viwili tofauti kabisa.

Ramani ya Global Wind Atlas hutazamwa bure mtandaoni na inafaa kuanzia. Lakini ramani haiijui miembe ya uani kwako. Weka kipima upepo mahali pa juu, kiache kipite kaskazi moja na kusi moja. Usiruke tangambili, zile wiki ambazo hata bendera ya ofisi ya kata inalala.

2. Usinunue namba iliyoandikwa kwenye boksi

"Wati 400" maana yake ni wati 400 kwa kasi fulani, mara nyingi mita 12 kwa sekunde, upepo ambao kwa watu wengi huja na mvua ya mawe. Ukiona "wati 3000" kwenye kidude cha kipenyo cha mita 1.2, toka dukani. Kwa kasi hiyohiyo ya mita 12, upepo wote unaopita kwenye duara hilo una wati 1,170 hivi, na Mjerumani Albert Betz alishaonyesha karne moja iliyopita kwamba hakuna pangaboi linaloweza kuchukua zaidi ya asilimia 59.3 ya hizo. Muuzaji anakuuzia upepo ambao haupo.

3. Paa linavuruga upepo

Hewa ikigonga nyumba hupanda, hujikunja na kuchanganyikiwa. Kanuni ya mafundi wa upepo ni kwamba vurugu hiyo hufika juu kiasi cha mara mbili ya urefu wa nyumba. Nyumba yenye mita 5 hadi kwenye kofia huchafua hewa mpaka mita 10, na turbaini uliyoiweka mita moja na nusu juu ya kofia imekaa katikati ya fujo. Itageuka huku na huku siku nzima na kuzalisha kidogo.

Waingereza walilipima jambo hili. Katika majaribio ya Warwick ya 2007 na 2008, turbaini 26 zilifungwa kwenye majengo na kufuatiliwa. Ukihesabu na muda zilipokuwa zimezimwa, kwa wastani zilitoa chini ya asilimia 1 ya uwezo wake. Baadhi zilizimwa kwa sababu wakazi walichoshwa na kelele. Na wale hawakuwa na bati.

4. Bati ni ngoma

Mtetemo wa turbaini hushuka kwenye bomba, huingia kwenye kenchi, na bati zima linaupokea na kuupaza. Saa nane za usiku utajua kila badiliko la upepo bila kuuliza. Kibaya zaidi ni kinachotokea kimyakimya: misumari inacheza, matundu yanapanuka, na mvua ya kwanza inashuka juu ya kitanda.

5. Simamisha mlingoti kando ya nyumba

Huu ndio ushauri wangu hasa. Ya paa, hapo chini, ni ya mtu aliyeshaamua. Bomba la chuma uani, likishikwa na kamba za chuma pande nne, kila moja imefungwa kwenye nanga ya zege. Chini weka bawaba ili mlingoti ulazwe wakati wa matengenezo, maana hakuna sababu ya kijana wa watu kupanda bomba na spana mdomoni. Mapanga yawe angalau mita 9 juu ya kila kizuizi kilichomo ndani ya mita 150. Unaona ni juu mno? Hata karibu na Loiyangalani, ambako upepo ni mwingi mno, turbaini 365 za mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana zimesimamishwa kwenye minara yake yenyewe.

6. Umeshikilia paa lilelile?

Basi mzigo usibebwe na bati. Bomba lipite na kushikwa na ukuta imara wa matofali ya saruji, au kenchi iliyoongezwa mbao, huku mpira mnene ukitenganisha chuma na jengo. Ukuta wa udongo, hapana. Toboa kwenye mgongo wa bati, kamwe si bondeni ambako maji hupita, na kila skrubu iwe na mpira wake. Kanyaga penye mstari wa misumari, yaani juu ya papi. Bati la geji 32 ni jembamba kuliko la 28 na halisamehe kisigino. Shaba isigusane na bati, kwani maji yakipita hapo huila zinki na kutu hufuata. Pwani nunua bolti zisizoshika kutu, bei isikutishe.

7. Chaji kontrola ya sola siyo ya upepo

Hapa ndipo mitambo mingi hufia. Betri ikijaa, kontrola ya sola hukata umeme, na paneli haidhuriki. Turbaini ukiikata hivyo inabaki bila mzigo, inakimbia ovyo, na mapanga yanaweza kuvunjika na kuruka kwa jirani. Kontrola ya upepo hupeleka umeme wa ziada kwenye resista kubwa inayoupoteza kama joto. Ifunge ukutani, mbali na mbao na pazia. Weka pia swichi ya breki, ambayo huunganisha nyaya tatu za turbaini pamoja ili mapanga yapungue mwendo hadi karibu kusimama. Breki kwanza, ndipo mkono uguse kitu.

8. Waya mwembamba hula umeme

Ampea 10 kwenye waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, umbali wa mita 20 hadi betri: unapoteza volti 2.8 njiani. Kwenye mfumo wa volti 12 hiyo ni karibu robo. Tumia volti 24 kwa nguvu ileile na hasara inashuka hadi asilimia 6.

9. Ethi

Mlingoti ndio kitu kirefu kuliko vyote uani, na radi hulenga virefu. Fimbo ya ethi ardhini, waya mnene kutoka kwenye mlingoti, na bati liunganishwe humo kwa kiungio kinachofaa zinki.

10. Paneli itangulie

Haina mapanga, na bati inalipenda. Turbaini iongezwe baadaye, kwa ajili ya usiku na ile miezi ya baridi ya nyanda za juu ambapo wingu halitoki na upepo haupumziki. Ikishafungwa, kaza bolti zote baada ya mwezi wa kwanza, halafu kabla ya kila msimu wa upepo mkali. Ukisikia mlio mpya, laza mlingoti kwanza, utafute sababu ukiwa chini.