Malengelenge Sehemu za Siri: Kabla ya Kumshuku Mwenzako

Somo hili lina aibu kidogo, lakini limevunja nyumba. Tuseme mume na mke wa Kiserian. Mke ameota malengelenge kinenani na sehemu za siri; yanapasuka, yanawasha, yanapona, kisha joto likija yanarudi. Ametumia vidonge vya magonjwa ya zinaa mara tatu bila nafuu. Sasa mume analala sebuleni na swali lake ni moja: "Mama watoto, umeyatoa wapi haya?"

Ni kweli, hepesi huenezwa kwa kujamiiana. Lakini hata hiyo huweza kulala mwilini miaka mingi kabla ya kujitokeza, hivyo haisemi nani alikosa wala lini. Tena kuna dawa zenye salfa, kama Septrin, ambazo kwa watu wengine huunguza ngozi mahali pale pale kila zinapomezwa, hata kwenye uume, na kuacha doa jeusi.

Kuna pia ugonjwa wa kurithi ulioelezwa Marekani mwaka 1939 na madaktari wawili, ndugu Howard na Hugh Hailey. Chembe za ngozi hushikana kama matofali kwa saruji. Mwenye kasoro hii saruji yake ni dhaifu. Jasho na msuguano huibomoa kinenani, kwapani na chini ya matiti. Kwa kawaida hujitokeza utu uzimani, mara nyingi baada ya ndoa, na hapo shaka huingia. Hauambukizi. Kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi moja kati ya mbili ya kuurithi. Kwa hiyo, baba, badala ya kuuliza "ulikuwa na nani?" uliza kama kuna mzazi wake aliyesumbuliwa na vidonda vya kwapani.

Mwingine ni pemfigasi, ambapo kinga ya mwili yenyewe hushambulia saruji hiyo. Mara nyingi huanza mdomoni. Huu usicheleweshwe: kabla ya dawa za steroidi kupatikana miaka ya 1950, wengi walikufa.

Kwa macho tu, hata daktari hukosea. Ndiyo sababu hupiga ganzi na kukata kipande kidogo cha ngozi, ukingoni mwa lengelenge jipya. Kwa darubini, hepesi huonyesha chembe kubwa zenye viini vingi. Ugonjwa wa akina Hailey huonekana kama ukuta wa matofali unaoanguka. Katika pemfigasi chembe za chini husimama kama mawe ya makaburini. Kipande cha pili hukatwa pembeni, penye ngozi nzima, kutafuta alama za kinga ya mwili. Hiki kisitiwe kwenye formalini, maana kitaharibika.

Kliniki ya ngozi ipo Hospitali ya Kenyatta, Nairobi. Nendeni lengelenge likiwa jipya, msilipasue, na mtaje dawa zote zilizomezwa. Hadi majibu yatoke, msikutane kimwili. Na mume aingie kwa daktari pamoja na mkewe, asingoje nje.