Kabla ya Kumkabidhi Fundi Rangi Nyumba Yako

Malalamiko tunayopokea kuhusu kazi ya rangi hufanana. Nyumba ilipendeza siku ya makabidhiano. Masika yalipopita, rangi ikaanza kubanduka, ukuta ukatoa unga mweupe, na simu ya fundi haipatikani. Mara nyingi mvua husingiziwa. Kasoro ilikuwapo tangu mwanzo, chini ya rangi, mahali ambapo mwenye nyumba hakupaangalia.

Kwa sababu hiyo twamshauri mlaji aulize kwanza maandalizi, kisha bei. Je, rangi ya zamani iliyolegea itakwanguliwa? Nyufa zitazibwa kwa nini? Ukuta utapigwa msasa na kufutwa vumbi? Unyevu ule wa chini watoka wapi? Fundi anayejibu kwamba rangi itafunika yote ashukuriwe na aagwe. Plasta mpya nayo huhitaji takribani wiki 4 kukauka. Anayetaka kuipaka wiki ileile anakutafutia gharama ya pili.

Omba kuona kazi aliyoifanya mwaka mmoja uliopita au zaidi. Picha za simu hazitoshi. Nenda, wasalimu wenyeji, uwaulize kama alimaliza kwa siku alizoahidi na kama alirudi alipoitwa.

Kuhusu kiasi cha rangi, usikubali hesabu usiyoielewa. Chumba cha mita 4 kwa 3, chenye kuta za kimo cha mita 3, kina mita za mraba 42 za ukuta. Ukiondoa mlango na madirisha, hubaki kama 38. Lita 1 ya rangi ya maji hufunika takribani mita za mraba 10 za ukuta laini kwa mkono mmoja. Mikono miwili itahitaji karibu lita 8. Akidai ndoo nzima ya lita 20 kwa chumba hicho, aeleze. (Ukuta wenye kukwaruza hunywa zaidi, naye huenda akawa mkweli.)

Udanganyifu ulio rahisi kuliko wote ni maji. Ni afadhali ununue rangi mwenyewe, yenye alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, utunze risiti, na umlipe fundi ufundi wake tu. Ndoo zifunguliwe mbele yako, na maji yasizidi kiasi kilichoandikwa juu yake.

Penye rangi ya mafuta ya zamani, watoto na wajawazito wasiwepo wakati wa kukwangua, kwani huenda ina madini ya risasi. Ukuta uloweshwe kwanza ili vumbi lisiruke.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, hutambua hata makubaliano ya mdomo, ila kuyathibitisha ni kazi ngumu. Karatasi moja yatosha: vyumba, aina ya rangi, idadi ya mikono, siku ya kumaliza, malipo, na saini za pande mbili. Usilipe yote awali. Lipa sehemu ya kwanza ukuta ukiwa umeandaliwa, nawe umeupitisha kiganja kabla haujafunikwa. Sehemu ya mwisho ilipwe baada ya ukaguzi wa mchana, madirisha yakiwa wazi, kwa kuwa taa za usiku huficha mengi. Fundi akiomba nauli na chakula cha siku, ombi hilo si baya. Mpe, liandikwe, na likatwe katika jumla.