AZMA NA KITENDO

Ni mara chache darsa kumalizika asitujie mtu, wenziwe wakiisha kuondoka, akatwambia maneno haya au mfano wake: "Haya msemayo twayajua. Mwaka jana twaliyasikia na tukaazimia, lakini hatukufanya." Huyu aliazimia kuweka akiba kila mwezi, yule aliazimia kuacha sigara, na wa tatu alitaka kukaa na wanawe jioni awatizamie masomo yao. Na wote hawa walikuwa wakweli wakati walipoazimia. Basi umbali ulio baina ya azma na kitendo ndio tutakaousema leo.

Wengi wetu hukata shauri upesi: fulani mvivu, au fulani hana imani. Hukumu hii ni nyepesi, na aghlabu si ya haki. Wataalamu wanaosoma hali za wanaadamu na mikusanyiko yao wamelichungua jambo hili kwa muda wa miaka themanini na zaidi, na katika waliyoyapata mna mengi ya kumfaa mtu wa kawaida dukani kwake na nyumbani kwake. Wala asije mtu akasema kuwa hii ni elimu ya kigeni isiyotuhusu. Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, alieleza katika Muqaddima yake aliyoiandika mwaka 1377 kuwa tabia huthubutu ndani ya nafsi kwa kukaririwa kitendo, mara baada ya mara, hata kikawa kama maumbile. Na kabla yake Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliifananisha nafsi na mshirika wa biashara: mwenye mali huwekeana naye sharti, humtizama anavyofanya kazi, kisha hukaa naye wakafanya hesabu. Mfano huu watu wa pwani hawahitaji kufasiriwa.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili nyama ilikuwa adimu huko Marekani, na serikali ilitaka watu wale moyo wa ng'ombe, figo na vitu vingine vya ndani, ambavyo wake wa nyumbani wengi wa kule walikuwa wakivichukia. (Huku kwetu figo hugombaniwa, lakini kila watu na desturi zao.) Akatakiwa msaada Kurt Lewin, mtaalamu wa elimu ya nafsi aliyehama Ujerumani mwaka 1933. Lewin alichukua vikundi sita vya wanawake. Vikundi vitatu vilisikilizishwa hotuba nzuri: wakaelezwa faida za vyakula hivyo kwa mwili, urahisi wa bei yake na haja ya nchi yao, na wakapewa karatasi za namna ya kuvipika. Vikundi vitatu vingine havikuhutubiwa. Waliambiwa wazungumze wenyewe kwa wenyewe: je, wake wa nyumbani kama sisi twaweza kuvipika vitu hivi? Kipi kinatuzuia? Waume watasema nini? Na harufu yake jikoni itaondolewa vipi? Mwisho wakaulizwa ni nani aliye tayari kujaribu katika juma lijalo, wakainua mikono. Muda ulikuwa mmoja kwa wote, kiasi cha dakika 45.

Walipokuja kuulizwa baadaye, katika waliosikiliza hotuba ni 3 tu kwa kila mia waliopika chakula kimojawapo ambacho hawajapata kukipika. Na katika waliozungumza na kukata shauri walikuwa 32 kwa kila mia.

Sisi tunaosomesha, habari hii yatuhusu kabla ya kuwahusu wanaotusikiliza. Mtu husikia hotuba akalia, na machozi yake ni ya kweli, kisha akatoka mlangoni hali hakuna aliyemuuliza: wewe utafanya nini, na lini? Baadaye watu walitaka kujua ni kitu gani hasa kilichowatenda wale wanawake. Mwaka 1955 Edith Bennett alichapisha uchunguzi wake, akaonyesha kuwa mazungumzo peke yake hayakuwa siri ya jambo. Siri ni mtu kukata shauri, na kuona kuwa wenziwe walio karibu naye nao wamekata shauri kama yeye. Kwa hivyo twaonelea kila darsa ibakishe robo saa mwishoni, lichukuliwe jambo moja dogo, na waulizwe waliohudhuria ni nani atakayelifanya juma hili. Lakini hapa pana mpaka. Yasiulizwe mbele za watu mambo ambayo mtu amesitiriwa nayo, wala asikodolewe macho asiyeinua mkono. Mkono ulioinuliwa kwa haya si shauri lililokatwa.

Ama yule ambaye hana kikundi, naye ana njia yake. Mwaka 2002 ulichapishwa huko Uingereza uchunguzi wa wanafunzi wa chuo kikuu waliotakiwa kufanya mazoezi ya mwili angalau mara moja kwa juma. Kundi la kwanza liliachwa vivi hivi, na waliofanya walikuwa 38 kwa kila mia. Kundi la pili lilisomeshwa maneno ya kutisha juu ya maradhi ya moyo na faida ya mazoezi. Wakajaa hamu, lakini waliofanya walikuwa 35 kwa kila mia. Kundi la tatu lilisoma yale yale, kisha kila mmoja akaandika siku gani, saa ngapi na mahali gani atafanya. Hao waliofanya walikuwa 91 kwa kila mia.

Peter Gollwitzer, mtaalamu wa Kijerumani aliyeishughulikia sana njia hii, asema kuwa mtu akiisha kuifunga azma yake na wakati na mahali maalumu, wakati huo na mahali hapo ndivyo vinavyomkumbusha, wala hangoji kujishawishi upya kila siku. Nasi tuna bahati ya kuwa na nyakati tano zilizokwisha gawanywa. Mwenye kusema "nitawatizamia wanangu masomo" hajasema kitu. Lakini mwenye kusema "Jumatatu na Jumatano, nikirudi msikitini baada ya magharibi, nitakaa nao sebuleni na madaftari yao mpaka iadhiniwe isha," huyo amelifunga jambo lake kwa kamba.

Hata hivyo hatupendi wasomaji wetu wafanye haya kuwa dawa ya kila ugonjwa, kama wafanyavyo waandishi wa vile vitabu vinavyomuahidi mtu kugeuka mtu mwengine kwa siku saba. Wale wa Uingereza walikuwa wanafunzi, na walijieleza wenyewe. Na mwaka 2018 lilichapishwa jaribio jingine la Marekani, juu ya watu waliojiandikisha kwenda nyumba ya mazoezi. Walioandika siku na saa za kwenda hawakuwazidi wenzao kwa kitu cha kutajika. Mpango huikumbusha nia iliyokuwepo lakini huzidiwa nguvu na shughuli za dunia. Kadhalika tabia haijengeki kwa upesi. Watu 96 walichunguzwa London, na matokeo yake yakachapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2009: mtu wa kati na kati alihitaji siku 66 hata kitendo chake kikawa chajiendea chenyewe, wengine siku 18, na wengine walikadiriwa kuhitaji 254. Hapa yule anayestaajabu kwa nini mazoea ya mwezi wa Ramadhani humponyoka baada ya Idi apata jibu lake: siku 30 ni nusu ya safari tu. Na walipata pia kuwa mwenye kukosa siku moja hakuharibikiwa, maadamu alirejea.

Sasa na tuje kwenye pesa, maana ndipo penye maumivu mengi. Magharibi ya Kenya yetu wataalamu wawili, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, waliwatizama watu walio katika vyama vya upatu, na matokeo wakayachapisha mwaka 2013. Baadhi yao walipewa kasha la chuma lenye kufuli, na ufunguo wakapewa wao wenyewe, wakaambiwa waweke humo pesa za mahitaji ya afya, kama vile chandarua. Mtu atasema: kasha ambalo ufunguo wake ninao litanizuia nini? Lakini akiba yao kwa ajili ya afya ilizidi kwa 66 katika mia. Wengine walipewa kasha ambalo ufunguo wake uliwekwa na wasimamizi, lisifunguliwe mpaka kiasi kitimie, na hilo kwa jumla halikuwafaa kama lile la kwanza, kwa kuwa watu waliogopa kuzifunga pesa zao siku ya dharura zisitoke. Na waliokubaliana ndani ya upatu wao kuweka fungu la afya walifaulu sana.

Faida ya kasha si chuma chake. Pesa iliyo mfukoni haina jina. Shemeji akija kuomba mia tano ni vigumu kusema sina hali ninayo. Lakini pesa iliyo ndani ya kasha imekwisha pewa jina, nayo yamuwezesha mtu kujibu kwa adabu bila ya uongo: "Hizo zipo, ndugu yangu, lakini ni za chandarua cha watoto." Hatusemi watu wawanyime jamaa zao. Twasema fungu la jamaa nalo liwe na jina lake na mahali pake, lisiliwe la karo ya mtoto.

Na hakuna kinachoyavunja makasha yetu kama harusi. Dhahabu ya mama huuzwa, duka hukopwa, na maharusi huanza maisha yao wakilipa biriani iliyoliwa na watu wasiowajua majina. Ukimuuliza baba wa bibi harusi faraghani, asema: "Mimi sitaki haya, lakini watu watasema nini?" Ukimuuliza baba wa bwana harusi, jibu ni lilo hilo. Jambo hili wataalamu wamelipima. Mwaka 1993 Deborah Prentice na Dale Miller walionyesha, katika chuo kikuu cha Princeton, kuwa wanafunzi kwa jumla waliudhikiwa ndani ya nyoyo zao na ulevi uliokuwapo chuoni, na kila mmoja akidhani kuwa wenziwe wameridhika nao kuliko yeye. Kwa hivyo desturi ambayo wengi hawaridhiki nayo ikabaki imesimama, hali kila mmoja ameishika ili asiwaudhi wengine.

Kwa hivyo, ndugu yetu mwenye mtoto wa kuoa au kuolewa, kabla ya kutajwa ukumbi na kabla ya kuchinjwa hata kuku, wakusanye wazee wa pande mbili, mama na baba, wala usimuache nje bibi wa kiume na wa kike. Mpe kila mmoja kipande cha karatasi, aandike bila ya jina lake kiasi ambacho angependa kitumike lau kama hapana mtu wa nje atakayeona. Karatasi zikunjwe, zichanganywe, zisomwe kwa sauti moja baada ya moja. Kisha likatwe shauri hapo hapo, mbele ya wote, na kitakachobaki katika pesa zilizokusanywa kitiwe ndani ya kasha, na ufunguo wapewe maharusi.