Je, Sare Huinua Alama?

Husemwa kwamba sare huinua alama za mtihani. Mimi nina shaka.

Nikiwa darasa la sita hapa Kibirichia nilirudishwa nyumbani kwa sababu sweta yangu ilikuwa ya kahawia, si ya kijani. Nilikaa siku nne mpaka mama akauza viazi. Na baridi ya hapa mnaijua, jameni! Wenzangu walifundishwa akisami siku hizo, na hadi leo zinanisumbua.

Elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2003, sare ilibakia mzigo wa mzazi. Kule Busia watoto kadhaa walipewa sare kwa kura, na David Evans na Mũthoni Ngatia wakachapisha matokeo mwaka 2021. Kukosa shule kulipungua kwa asilimia 37. Kwa wale ambao hawakuwa na sare kabisa, asilimia 55. Lakini miaka minane baadaye hawakuwa wamesoma mbele kuliko wenzao.

Basi naona sare haiongezi akili, ila kufukuzwa kwa ajili yake hupunguza masomo. Si mtoto angeingia tu darasani na sweta aliyo nayo, mzazi akitafuta nyingine? Ile ya kahawia ningali nayo. Huivaa nikichimba viazi.