KULA, KULISHA NA KUMEZESHA

Katika sarufi tumefunzwa kauli ya kutendesha: kula huzaa kulisha, kunywa huzaa kunywesha, kumeza huzaa kumezesha. Ukiyajua hayo unapata alama zako na kufunga daftari. Lakini hebu vipeleke vitenzi hivyo nyumbani kwa mzee mgonjwa. Katika sentensi "Mzee amekula", mzee ndiye kiima. Katika "Mjukuu amemlisha mzee", kiima ni mjukuu, naye mzee amesukumwa huko nyuma akawa shamirisho.

Hapa Chechelesi wazee wengi hutunzwa na watoto na wajukuu. Makao kama Nyumba ya Wazee ya watawa huko Kasarani, Nairobi, au yale ya Welezo kisiwani Unguja, twayasikia tu. Kwa hivyo mtunzaji ni mimi na wewe, na mafunzo hatuna.

Mimi nilikosea. Nyanya ana shinikizo la damu, na jioni moja alikataa katakata kumeza tembe yake. Mimi huyo, nikaisaga na kuikoroga kwenye uji! Alionja mara moja, akakitua kikombe. Siku tatu hakunywa uji wa mkono wangu. Kumbe dawa ile ni ya kupunguza maji mwilini. Ilimwamsha kukojoa usiku kucha, na choo kiko nje, na giza, na macho yake si ya jana. Hakuna aliyemwuliza. Shangazi alimpeleka hospitali, daktari akaihamishia asubuhi, nyanya akaimeza bila kelele. Tena tukaonywa: kuna tembe zilizotengenezwa ziyeyuke polepole, ukizisaga, dawa yote huingia mwilini kwa mkupuo.

Msamiati wa leo ni ridhaa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 humtaka mhudumu apate ridhaa ya mgonjwa kabla ya kumtibu, isipokuwa katika hali maalumu kama dharura. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 nacho kinaitaka Serikali ihakikishe kuwa wazee, yaani waliozidi miaka 60, wanaishi kwa heshima. Ridhaa hutoka kwa mtu aliyeelezwa akaelewa. Uji uliofichwa tembe hauna ridhaa ndani yake.

Sasa chakula. Mzee aliyezoea maziwa mabichi ya ngamia, ukimwambia "ni marufuku", atayatafuta kwa jirani. Mweleze kuwa maziwa mabichi yaweza kuleta brusela, ile homa yenye maumivu ya viungo, na kwamba kuchemsha huua vijidudu. Kisha mwulize kama atapenda yachemshwe, yatiwe katika kibuyu kilichofukizwa moshi, ili asikose ladha yake.

Ramadhani je? Uislamu umemruhusu mgonjwa asifunge, lakini wapo wazee wenye kisukari wanaotaka kufunga. Hapo pana hatari kweli: anayedungwa insulini asipokula, sukari yaweza kushuka hadi azirai. Usimfokee. Mpeleke kwa daktari wiki kadhaa kabla, wapange pamoja saa za dawa kati ya futari na daku, naye ajue kwamba akianza kutetemeka na kutoka jasho afungue papo hapo. Daktari akisema asifunge, basi mzee aelezwe sababu yeye mwenyewe, siyo mwanawe kule mlangoni.

Na yule mwenye ugonjwa wa kusahau? Uchaguzi wake hupungua lakini hauishi. Mshikie vikombe viwili, cha chai na cha uji, uone mkono wake utaenda wapi.

ZOEZI: Tunga sentensi tano kwa kitenzi "kumeza", mzee akiwa kiima katika kila moja. Kisha mwulize mzee wa kwenu ni chakula gani au dawa gani asiyoipenda, na kwa nini. Andika jibu kwa maneno yake, usiyasahihishe.