SOMO LA VIKUNDI: PESA ILIYO MKONONI SIYO HESABU YOTE



Leo tunajifunza juu ya hesabu. Tunajua wengine wakisikia neno hilo huanza kusinzia. Lakini tafadhali tusikilizane, maana jambo hili linaweza kuvunja hata kikundi ambacho hakina mwizi.

1. Yaliyotokea

Wakati mmoja tuliitwa kupatanisha kikundi cha akina mama 21 huku kwetu Ndanai. Walikuwa wanajengeana matangi ya maji. Mwezi wa Disemba mweka hazina alisoma daftari, wakaona benki kuna shilingi 42,000. Wakafurahi, wakagawana, kila mmoja 2,000 za Krismasi.

Januari fundi akaja kudai 18,000 zake. Baadaye mwenye duka la vifaa vya ujenzi naye akaleta karatasi ya deni la saruji na mabati, 36,000. Jumla 54,000, na benki hakuna kitu. Mama mweka hazina akaitwa mwizi mbele ya watoto wake.

Tulikagua daftari lake ukurasa kwa ukurasa. Hakuiba hata senti. Kila shilingi iliyoingia na kutoka aliiandika, na risiti zilikuwepo. Kosa ni kwamba alifundishwa kuandika pesa tu, hakufundishwa kuandika madeni. Na sisi tuliomfundisha ndio tuliosahau. Tulimwomba msamaha mbele ya kikundi.

2. Aina mbili za hesabu

Ya kwanza ni hesabu ya pesa taslimu. Unaandika pesa ikiingia na ikitoka, basi.

Ya pili wahasibu huiita akruo. Sisi tuiite hesabu kamili. Hii huandika jambo siku linapotokea, hata kama pesa haijapita mkononi. Wewe mfugaji unaijua tayari. Maziwa uliyopeleka wiki tatu na hujalipwa ni mali yako. Ndugu zetu wa Konoin na Bureti waliochuma chai wakingojea bonasi, ile bonasi ni jasho lao hata kabla haijafika. Na dawa ya ng'ombe uliyochukua kwa mkopo ni deni, hata kama mfuko umejaa.

Tuone kikundi chetu kabla ya kugawana:

Pesa benki: 42,000
Mikopo waliyo nayo wanachama: 30,000
Jumla ya mali: 72,000
Deni la fundi: 18,000
Deni la duka: 36,000
Jumla ya madeni: 54,000
Inayobaki: 18,000

Na hiyo 18,000 siyo noti za kugawana. Imo ndani ya mikopo ambayo wanachama hawajarudisha. Kwa hiyo siku ile hapakuwa na shilingi ya kugawana.

3. Hata serikali imo katika somo hili

Msifikiri ni akina mama wa kijijini peke yao. Wizara na kaunti zetu zimekuwa zikitumia hesabu ya pesa taslimu kwa miaka mingi. Mkandarasi akijenga zahanati na asilipwe, bili yake haikuhesabiwa kama matumizi ya mwaka huo. Iliorodheshwa tu kule nyuma ya ripoti, na mwananchi hafiki huko. Deni linalala, na anayeumia ni yule aliyekopa benki ili aihudumie kaunti.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 ilileta bodi ya viwango vya uhasibu wa serikali, nayo ilianza kazi mwaka 2014. Mwaka 2024 Baraza la Mawaziri liliidhinisha serikali ihamie hesabu kamili, kwa hatua. Majirani wetu Tanzania walianza safari hiyo mwaka 2012. Kazi ni kubwa: ni lazima kila ofisi iorodheshe ardhi, majengo, magari na madeni yake yote.

4. Sheria bila mtu aliyefunzwa

Daftari jipya halijiandiki. Kenya ina KASNEB, inayotahini wahasibu tangu mwaka 1969, na chama cha wahasibu, ICPAK, kilichoanza mwaka 1978. Lakini hata mhasibu mwenye cheti cha CPA lazima ajifunze upya njia ikibadilika. Kama mhasibu wa serikali anarudi darasani, kwa nini mweka hazina wetu tumpe daftari na kalamu tu, halafu tumlaumu?

5. Tufanye nini?

Kwanza, kila kikundi kiwe na daftari la pesa, na pembeni kurasa mbili: "Tunaodai" na "Wanaotudai". Zisomwe kila mkutano, kwa sauti.

Pili, wafunzwe watu wawili, siyo mmoja. Mmoja akiugua au akiolewa mbali, kazi isife.

Tatu, msigawane pesa kabla ya kusoma ukurasa wa "Wanaotudai".

Nne, tufuate hesabu za kaunti yetu. Mwaka wa serikali huisha tarehe 30 Juni, na Katiba, kifungu cha 229, inampa Mkaguzi Mkuu miezi sita kutoa ripoti yake. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Mkienda kwenye mkutano wa bajeti, msiulize tu "Mmetumia ngapi?" Ulizeni pia, "Mnadaiwa ngapi, na nani, tangu lini?"

Katika Luka sura ya 14 tunamkuta mjenzi wa mnara aliyechekwa kwa sababu hakupiga hesabu mapema. Sisi tusichekwe.

Wale akina mama walilipa deni kidogo kidogo. Na mweka hazina wao ni yule yule.

Maswali ya kujadili

1. Leo hii kikundi chetu kinadaiwa na nani? Nani anajua bila kuuliza?
2. Kama mweka hazina angesafiri kesho, ni nani angeweza kusoma daftari lake?
3. Je, tumewahi kumlaumu mtu kwa kosa la kutofunzwa? Tufanye nini kumrudishia heshima yake?