Simba wa Bara Hindi

Watu wengi hudhani ya kuwa simba ni mnyama wa Afrika tu. Lakini sisi tusomao Biblia twakumbuka ya kuwa Samsoni alimwua mwana-simba karibu na Timna, na Daudi aliokoa kondoo za babaye kinywani mwa simba. Nayo nchi ile iko Asia. Tena Herodotus, mwandishi wa Kiyunani, aeleza jinsi simba walivyowashambulia ngamia wa mfalme Xerxes huko Ulaya, katika vita vya mwaka 480 kabla ya Kristo. Basi, simba hao wamekwenda wapi?

Hawakuhama, bali walikwisha. Watu waliwawinda, wakalima nyika zao, wakawamaliza wanyama waliokuwa chakula chao. Katika Uajemi walionekana mara ya mwisho katika miaka ya 1940. Leo, nje ya Afrika, simba wa mwituni wako mahali pamoja tu: katika msitu wa Gir na nchi iliyo kandokando yake, jimbo la Gujarat, Bara Hindi. Simba dume wa huko ana manyoya machache kichwani, hata masikio yake huonekana wazi. Na chini ya tumbo ngozi yake ina mkunjo mrefu.

Hao nao walikaribia kwisha. Zaidi ya miaka mia iliyopita walibaki wachache sana, ndipo Nawabu wa Junagadh, mtawala wa nchi ile, alipowalinda wasiwindwe. Mwaka 1965 msitu wa Gir ukafanywa hifadhi. Walipohesabiwa mwaka 2020 walikuwa 674, na mwaka 2025 walikuwa 891.

Je, hatari imepita? Sivyo. Tutazame kwetu Serengeti. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uliwaingia simba wa huko, ukaua kama theluthi yao. Hata wangalikufa wote, Afrika ingalikuwa na simba mahali pengine. Mwaka 2018 ugonjwa uo huo uliingia Gir, ukaua simba zaidi ya 20. Kama ungalienea kote, je, simba wa mwituni wa Asia wangalipatikana wapi tena?

Hatari hii ilijulikana mapema. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Bara Hindi iliamuru baadhi ya simba wahamishiwe Kuno, katika jimbo la Madhya Pradesh. Lakini watawala wa Gujarat hawakupenda kuwatoa, na mwaka 2022 waliopelekwa Kuno walikuwa duma kutoka Namibia.

Wazee wetu wafugaji walilijua jambo hili. Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika zizi moja, bali aliwagawa kwa ndugu na rafiki, ili tauni ikiingia kwake, wengine wapone kwa jirani. Simba wa Gir wameongezeka, nasi twafurahi. Lakini mpaka leo zizi lao ni moja.